Blanketi la viraka vya vitenge kwa vitanda vya watoto: katikati niweke nini?

MamaWawili_Nkuhungu

Mbukwenyi wana jukwaa, na shikamooni wakubwa wote mliomo humu.

Nipo Dodoma mjini, Nkuhungu. Uwele na karanga za mama kule Kongwa zimeshaingia ndani, watoto wamefunga shule likizo ya Juni, na usiku imeanza ile baridi ya kuamka saa kumi kutafuta soksi gizani. Watu wa Dar mtacheka, lakini mtu wa hapa anajua. Mchana jua linakupasua midomo, usiku wa Julai hushuka mpaka nyuzi 14 hivi, na upepo wetu hakuna upenyo wa dirisha usioujua.

Jirani yangu ni fundi cherehani. Tangu Bunge la bajeti lianze mwezi wa nne hana pumzi: sare za vikoba, magauni ya vitenge ya wageni, suti za kina mama wenye vikao. Mabaki yote alikuwa anachomea moto nyuma ya kibanda. Nikamwambia baba, usichome, nipe mimi. Sasa kiroba kimejaa pomoni na kimekaa nyuma ya kochi. Mume wangu akirudi kazini anakitazama kama mgeni ambaye hajasema anaondoka lini.

Ninachotaka ni blanketi la viraka. Juu vipande vya mraba vilivyounganishwa, chini kitambaa kizima, katikati kitu cha kuleta joto, halafu vyote vitatu vishonwe pamoja visitembeetembee. Watoto wanalala dabodeka ya futi 3 kwa 6, kwa hiyo yatakuwa mawili, ila naanza na moja. Wenyewe wameshaanza kazi ya kuchambua vipande kwenye mkeka. Mdogo katunga sheria kwamba kila kipande chenye picha ya ndege ni chake, mkubwa anadai rangi ya bluu yote, na jana nusura washikane kwa sababu kuna ndege wa bluu.

Naona wenzetu Marekani na Uingereza katikati wanaweka pamba maalumu inayouzwa kwa mita, imelainishwa na kulazwa sawasawa. Nimezunguka Majengo, nimezunguka Sabasaba, kila nikieleza naletewa sponji au pamba ya kujazia mito. Kuna mama kaniambia niweke sufi. Mwingine kasema nishone hivyo hivyo bila kitu. Nyie mnaonaje?

Pili, hicho kiroba kina kila aina: kitenge, khanga, satini, dera, lesi, mpaka kaki ya sare za shule. Vinachanganyika? Na kwa chini nilikuwa nafikiria kutumia doti ya khanga niliyopewa na wifi yangu. Imeandikwa "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji", kwa hiyo kuilaza kifudifudi chini ya blanketi wala haitaniuma roho.

Cherehani ninayo, ya kukanyaga kwa miguu, ya marehemu bibi. Inashona vizuri tu, ila ile ngozi inayozungusha gurudumu imelegea.

FundiMzee_Changombe

Marahaba mwanangu. Umeniuliza mimi bila kunitaja jina. Nilianza kukanyaga cherehani mji huu ukiwa na taa za barabarani za kuhesabu.

Nianze na sufi, kwa sababu huyo mama aliyekushauri atakutia hasara. Sufi ni ya mto. Nyuzi zake ni fupi, laini, zinateleza, hazishikani. Ukiitandaza kwenye blanketi, ukifua mara ya kwanza yote inakimbilia pembeni na kufanya mabonge, katikati mtoto analalia kitambaa kitupu. Pamba ya kujazia mito nayo ni hivyo hivyo, labda uishone mistari ya karibu karibu mno, na hiyo ni kazi ya kukupa kichomi. Sponji usiniambie kabisa.

Tafuta blanketi kuukuu. Sio yale mazito ya Kichina yenye manyoya, hayo cherehani yako haitayapitisha. Nasema lile jembamba la kijivu au la mistari, ambalo limeshafuliwa mpaka limelainika. Mitumbani Sabasaba yapo. Lifue, lianike, kata sehemu zilizotoboka. Kama halitoshi unganisha vipande ukingo kwa ukingo kwa mkono, usivipandishe kimoja juu ya kingine maana patakuwa na nundu. Blanketi la kufumwa halitembei likishashikwa, kwa hiyo mistari ya kushonea inaweza kuachana hata inchi 4.

Kuchanganya vitambaa: hapa mimi ni mkali. Dera, satini na shifoni toa, peleka kwa mtu anayetengeneza vibanio vya nywele. Sio kwamba vitambaa vibaya. Vinateleza, vinavutika, na vikipigwa pasi ya moto unaohitajiwa na pamba vinaungua. Kaki ya shule acha pembeni, ni nzito kwa kitenge. Ukizikusanya za kutosha utashona zulia dogo la mlangoni. Bakiza kitenge na khanga. Ila siku hizi vitenge vingine vina poliesta tupu, macho hayatakuambia. Chomoa nyuzi mbili tatu, ziwashe kibiriti juu ya sahani ya bati. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na majivu yake ukiyagusa yanapotea. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kishanga kigumu. Kazi hiyo ifanye mwenyewe, watoto waondoe hapo.

Vilivyobaki vyote fua kabla ya kukata. Kitenge kipya kina ugumu wa dukani, kikiguswa na maji kinapungua. Ukishona kipya pamoja na kilichofuliwa, blanketi lote litajikunja siku ya kwanza ya beseni. Nyekundu na zambarau fua peke yake, ukaweke na kitambaa cheupe humo ndani. Cheupe kikitoka na rangi, rudia. Wanawake wengi watakwambia tia chumvi rangi ishike. Chumvi inamsaidia anayetia rangi kiwandani, sio wewe unayefua. Na kama chumvi ingeshikisha rangi, kwa maji yetu haya ya Dodoma hakuna nguo ingechuja.

Sasa vipimo. Kitanda cha futi 3 kwa 6, tengeneza blanketi la inchi 54 kwa 78, litaning'inia inchi 9 kila upande. Kata kadibodi ngumu ya mraba inchi 6 na nusu, hiyo ndiyo patani yako, na kila ikichakaa kona kata nyingine. Mshono unakula robo inchi kila upande, kipande kinabaki inchi 6. Kwa upana vipande 9, kwa urefu 13, jumla 117. Kata kwa kufuata nyuzi za kitambaa. Kikikatwa mshazari kinavutika, na ndiyo kinacholeta ule mkunjo ambao watu huusingizia cherehani.

Hiyo robo inchi ndiyo siri ya kazi nzima. Sisi mafundi wa nguo tumezoea kuacha nafasi kubwa, mteja akinenepa tufumue. Hapa hakuna kunenepa. Ukizidisha robo ya nusu inchi kila upande, kipande kimekula robo nzima, mara vipande 9 umepoteza zaidi ya inchi 2, na mstari wa pili ukikosea kwa namna yake, kona hazikutani. Pima robo inchi kutoka sindano inapoingia, bandika plasta ya kidonda kwenye bamba la cherehani, mbili juu ya mbili ipate kimo. Kitambaa kipite kikiigusa hiyo plasta. Sindano namba 14 kwa kuunganisha, namba 16 ukifika kwenye tabaka tatu, na hapo mshono uurefushe.

Doti ya khanga kwa chini ni wazo zuri. Kila upande ni karibu mita 1.5 kwa 1.1, ukiunganisha mbili kwa ubavu ule mrefu unapata mita 1.5 kwa 2.2 kasoro ya mshono. Inazidi blanketi lako pande zote. Hiyo ziada usiikate, ikunje kuja juu, ndiyo pindo.

Jembe_Ipagala

Samahani dada, mimi ni mwanamume wa vitendo. Vipande 117, kufua, kupiga pasi, kuchoma nyuzi na kibiriti. Si umpe mzee hela aende Majengo arudi na blanketi? Na viraka jamani, tulivikimbia utotoni. Mimi nilivaa kaptula ya viraka shule ya msingi, sitaki mwanangu alalie viraka mwaka huu wa reli ya umeme.

MamaWawili_Nkuhungu

Shikamoo Fundi, umenipa semina nzima, Mungu akuzidishie. Nimechoma nyuzi jioni hii. Kile kitenge nilichokuwa nakipenda kuliko vyote, chenye maua ya njano, kimetoa kishanga. Nimekitenga kwa uchungu.

Kaka Jembe, blanketi la dukani tunalo, na limeshaanza kutoa manyoya yanayoingia kwenye ugali. Lakini nikujibu hilo la viraka. Kuna kijiji Alabama, Marekani, kinaitwa Gee's Bend, mto umekizunguka pande tatu. Wanawake wa pale ni weusi, mababu zao walikuwa watumwa kwenye shamba la pamba hapo hapo. Walikuwa wakishona mablanketi kwa suruali za shamba zilizochakaa magotini na mashati ya waume zao, kwa sababu nyumba zilikuwa za mbao na baridi inapita. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, na 2006 posta ya Marekani ikayatolea stempu. Kwa hiyo viraka sio tatizo kaka, aliyekushonea ile kaptula ndiye alikuwa na haraka.

Halafu sioni ubaya wa watoto kuwa na shughuli likizo nzima isiyo ya simu.

Fundi, swali dogo: ile hatua ya kuweka tabaka tatu pamoja, nitandike wapi? Sebule yangu ni kochi, meza na kiroba.

BintiKondoa_Dharwad

Habari zenu ndugu. Mimi ni wa Kondoa, kwa sasa nasoma India, jimbo la Karnataka. Nimecheka hilo jibu la kaptula.

Dada, nina la kukuongezea. Huku kuna watu wanaitwa Wasiddi. Ukiwaona unaweza kuwaamkia kwa Kiswahili, ila hawatakujibu, wanaongea Kikonkani na Kikannada. Asili yao ni Afrika, wengi waliletwa kwa njia ya utumwa wakapitia Goa enzi za Wareno, wengine walikuja wakiwa mabaharia na askari. Wengi wanaishi kwenye misitu ya wilaya ya Uttara Kannada, sio mbali na hapa nilipo. Rafiki yangu wa hosteli anatoka upande wa Haliyal, na nimewahi kukaa barazani na bibi yake akishona.

Wanawake wao wanashona blanketi la viraka wanaloliita kawandi, na namna yao haina patani wala rula. Unatandaza chini sari kuukuu. Unaanzia pembeni, kwenye kona moja, unakunja ukingo wa kipande ndani na kukishona moja kwa moja kwenye ile sari kwa mishono midogo ya mkono. Kipande kinachofuata kinapanda kidogo juu ya cha kwanza. Unazunguka ukingo wote, halafu mzunguko wa pili ndani yake, hivyo hivyo, mpaka unakutana na katikati. Kuunganisha viraka na kushikilia tabaka ni kitendo kimoja, hakuna kutandaza sakafuni mara ya pili. Kipande kiwe kikubwa, kidogo, cha mstatili, vyote vinapata nafasi. Mwisho kwenye kona nne wanaweka vipembe vya kitambaa kilichokunjwa, vinaitwa phula, maana yake maua. Blanketi likikosa phula, kwao bado halijaisha.

Nimewaza mwanao mwenye ndege. Ndege huwezi kuwakata kwa inchi 6 na nusu, utamkata mmoja kichwa.

FundiMzee_Changombe

Kutandika: subiri asubuhi kabla upepo haujaanza, sogeza meza nje, fagia sebule na upige deki. Khanga iweke chini, upande mzuri uangalie sakafu, ibandike kwa selotepu pembe zote isijikunje ila usiivute. Juu yake blanketi kuukuu, juu yake viraka. Piga bandi kwa uzi wa rangi nyingine, mishono mirefu kama ya kushikiza kola, ukianzia katikati kwenda nje, kamwe usitoke pembeni kwenda katikati maana mikunjo yote itakutana tumboni. Ukienda kwenye cherehani pia anza mstari wa katikati. Kunja pande zote mbili kama mkeka, sehemu unayoshona tu ndiyo iwe wazi. Na mtoto mmoja akae nyuma ya cherehani kushika uzito, vinginevyo blanketi linavuta na sindano inakatika.

Huyo binti wa Kondoa amenifundisha jambo uzeeni. Nina shaka moja tu: ukienda kwa kupandisha kipande juu ya kipande unapata tabaka nyingi sehemu moja. Kwa mkono sindano inapita. Kwa cherehani usijaribu.

BintiKondoa_Dharwad

Kweli kabisa babu, shikamoo. Ni kazi ya mkono mwanzo mwisho. Yule bibi niliyemwona hakuwa ameweka blanketi katikati, joto linatokana na zile tabaka zenyewe. Dada akitaka la joto zaidi atumie khanga mbili chini badala ya moja. Na subana ya kidole asikose, nilijaribu bila hiyo nikashindwa kushika kalamu.

Kisasa_Mama_K

Jamani nyie mnaongelea kushona, mimi niulize kufua. Vumbi la mwezi wa nane mnalijua. Blanketi la tabaka tatu, maji ya kisima yenye chumvi, sabuni haitoi povu, utalisuuza saa ngapi? Mimi nilikuwa na shuka la kufunikia lililoshonwa hivyo, nikiweka sabuni nyingi linabaki linanata, likinata linakamata vumbi zaidi. Kuna mtu ana dawa?

MamaWawili_Nkuhungu

Mama K mimi hufanya hivi kwa mablanketi, nadhani itafaa: kwanza nakung'uta nje kwenye kamba nikichapa na mwiko, vumbi kavu litoke kabla halijawa tope. Sabuni nakoroga pembeni kwenye ndoo ndogo mpaka iyeyuke, ndipo namwagia kwenye beseni, simiminii unga juu ya kitambaa. Kukanyaga kwa miguu, watoto hiyo wanaipenda. Kusuuza mara tatu, na la mwisho natafuta maji ya bomba. Naanika asubuhi mapema, saa sita limekauka, naliingiza ndani kabla upepo wa mchana haujaleta vumbi la barabara yote ya Nkuhungu. Rangi upande wa ndani, jua letu linapausha vitenge kwa haraka.

Binti Kondoa, umemaliza ugomvi wa nyumba yangu. Tumeamua hivi: mkubwa anapata la cherehani, miraba ya Fundi, bluu na nyeupe. Mdogo tunashona la mkono kuanzia pembeni, ndege wote wabaki na vichwa vyao. Ameshachagua vipande vya kona kwa ajili ya hayo maua. Kwa chini yake natumia khanga zangu mbili zilizopauka, ile ya wifi inabaki kwa mkubwa.

Ila miraba ya bluu tumehesabu haifiki hata nusu. Jirani fundi kasema wiki ijayo ana oda ya sare za bluu za kwaya, nimsubiri.

Jembe_Ipagala

Dada, nimeonyesha mke wangu huu uzi nikitegemea atanicheka pamoja nami. Sasa anauliza huyo fundi jirani yako yuko Nkuhungu sehemu gani.

MamaWawili_Nkuhungu

Mwambie mabaki ya Nkuhungu yana mwenyewe 😀. Mafundi wa Majengo wapo wengi na nao wanachoma. Awahi kabla Bunge halijafungwa, wageni wakishaondoka vitenge vinapungua.

Fundi, bado ile ngozi ya cherehani. Nikikanyaga gurudumu la chini linazunguka, la juu linasita. Ninunue mpya?

FundiMzee_Changombe

Usinunue. Ngozi ikizeeka inavutika, haijafa. Itoe kwenye magurudumu, utaona mahali ncha mbili zimeshikwa na kipini cha waya. Kifungue kwa koleo, kata ngozi kidogo, nusu inchi inatosha, ukikata sana itakaza mno na miguu itakuuma. Toboa tundu jipya kwa msumari wa moto, rudisha kipini, kibane kwa koleo kilale bapa kisigonge gurudumu. Kisha fungua bamba lililo chini ya sindano, toa pamba na vumbi lililojazana kwenye yale meno kwa mswaki mkuukuu, tia matone ya mafuta ya cherehani. Ya cherehani, sio ya alizeti, najua Kongwa kuna alizeti nyingi. Shona kitambaa kibovu kwanza mpaka mafuta yakome kutoka, ndipo uguse vitenge.

Ikisita tena baada ya hapo, nitafute humu, nitakuuliza gurudumu la juu limechakaa upande gani.